Kadinali Lavigerie: mwenye mizabibu aliyewatuma Mapadri Weupe ziwani Tanganyika

ZONGWE, Kalemie – Divai ya misa lazima itoke kwenye zabibu. Pombe ya ndizi wala ya mawese haikubaliki. Kwa Mapadri Weupe wa kwanza waliofika ziwa Tanganyika mwaka 1879, hiyo ilikuwa shida. Kila chupa ilibebwa na wapagazi kutoka pwani ya bahari ya Hindi. Aliyewatuma, Kadinali Charles Lavigerie, yeye alikuwa na mizabibu yake.

Alizaliwa Bayonne, Ufaransa, mwaka 1825, mtoto wa mtumishi wa duane. Mwaka 1867 akawa askofu mkuu wa Algiers, mji mkuu wa Algeria, na papo hapo njaa na kipindupindu vikaua watu wengi. Alikusanya yatima zaidi ya elfu moja. Gavana MacMahon alimlaumu kwamba anatumia njaa ili kuwabatiza watoto wa Waislamu, na lawama hiyo haikuwa ya bure.

Yatima walihitaji chakula na kazi. Lavigerie alinunua ardhi Maison-Carrée, karibu na Algiers. Mwaka 1868 alianzisha Mapadri Weupe, na mwaka 1869 masista ambao mwanzoni kazi yao kubwa ilikuwa kulima. Mizabibu ilipandwa. Wakati huohuo kijidudu cha filoksera kilikuwa kinaua mizabibu ya Ufaransa, hivyo divai nyekundu ya Algeria ikapata soko, na ya mapadri ikasaidia kulisha kazi yao. Tusisahau kwamba Algeria ilikuwa koloni iliyotekwa kwa bunduki.

Mwaka 1885 mapadri walikabidhiwa Mpala, kwenye ufuko wetu wa ziwa. Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Wabelgiji waliunda chama cha kuipinga, kikamtuma Kapteni Jacques, ambaye mwishoni mwa 1891 alianzisha Albertville, yaani Kalemie ya leo.

Lakini glasi moja ilimgharimu sana. Tarehe 12 Novemba 1890, Algiers, aliwaalika maofisa wa jeshi la majini la Ufaransa mezani. Wengi wao walitamani mfalme arudi. Kadinali akasimama, akainua glasi na kuwaomba Wakatoliki waikubali Jamhuri, jambo ambalo Papa Leo wa 13 alilitaka. Bendi ya wanafunzi wa mapadri ikapiga Marseillaise. Maofisa walikaa kimya. Baadaye matajiri wengi waliompenda mfalme waliacha kutoa michango, wakati misheni za mbali kama za Tanganyika ziliitegemea.

Alikufa Algiers tarehe 26 Novemba 1892, akazikwa Carthage, Tunisia. Mwaka 1964 mabaki yake yalihamishiwa Roma. Huko Tunisia, Mapadri Weupe walifungua shamba la Thibar mwaka 1895, na divai nyekundu yenye jina hilo bado inauzwa.