Richards, mhadhiri aliyeficha majina ya washairi

Kama umewahi kupewa shairi geni kwenye mtihani ukabaki kukuna kichwa, kuna jamaa mwenye sehemu ya lawama. Aliitwa I. A. Richards, na kusema kweli hakupanga hata kuwa mwalimu.

Alizaliwa 1893 mjini Sandbach, Uingereza. Ujanani aliugua kifua kikuu, kisha akawa mraibu wa kupanda milima. Chuoni Cambridge alisomea falsafa. Mwaka wa 1919 alikuwa ashaamua kuhepa, akawaongoze wapanda milima kisiwani Skye, Scotland. Akamwendea mhadhiri Mansfield Forbes kuomba barua ya kumtambulisha huko. Wakapiga gumzo, na Richards akatoka pale na kazi ya kufunza fasihi ya Kiingereza. Kozi yenyewe ilikuwa changa, na malipo yake yalitegemea idadi ya wanafunzi waliokuja kumsikiliza. Hebu fikiria!

Walikuja. Miaka ya 1920 akaanza mchezo wake. Anagawa mashairi kwenye karatasi, jina la mshairi hakuna, mwaka hakuna. Nenda nayo wiki nzima, soma, andika unachofikiria, useme pia umesoma mara ngapi. Jina lako si lazima. Wiki inayofuata anasimama ukumbini kuyachambua majibu.

Ilikuwa aibu. Hawa ni wanafunzi wa Cambridge, wala si watu waliookotwa barabarani. Shairi la John Donne wengi walilikataa. La Gerard Manley Hopkins vilevile. La D. H. Lawrence, kuhusu mtu anayemkumbuka mamake akicheza piano, wakaliona la kulialia tu. Lakini la J. D. C. Pellew, ambaye leo hata wasomi wachache wanamjua, likapata sifa tele. Wengine walikwama mapema zaidi: hawakuelewa hata sentensi inasema nini.

Richards hakuwacheka. Alichukua majibu kuhusu mashairi 13 akayachapisha 1929 katika Practical Criticism, akionyesha mtu anapojikwaa. Huyu anasoma kumbukumbu zake badala ya shairi. Yule akiona vina havijakaa anavyotaka, basi, shairi ni bovu. Tangu hapo darasa la fasihi likawa mahali pa kukaa na shairi moja, neno kwa neno. Mwanafunzi wake William Empson, aliyetoka kwenye hesabu, alizidisha uchimbaji huo katika kitabu chake cha 1930.

Mimi nina kinyongo naye kidogo. Alipoficha jina alificha na historia, na Donne alifariki 1631. Ukimsoma kama aliandika jana, kuna maneno yatakayokupita.

Milima nayo hakuiacha. Mwaka wa 1928, yeye na mkewe Dorothy Pilley, pamoja na waongozaji wao, walikuwa wa kwanza kuupanda mlima Dent Blanche, Uswisi, kupitia ukingo wa kaskazini. Baadaye alifunza China, kisha Harvard kwa miaka mingi. Mwaka wa 1979, akiwa na miaka 86, alirudi China kutoa mihadhara. Akaugua huko, akarejeshwa Cambridge, akafariki Septemba.