Thomas Stevens: Mwamba aliyeizunguka dunia na baiskeli, kisha akatua Zanzibar

PALE Tunduma, malori yanapoganda kwenye foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, anayetangulia ni mwenye baiskeli. Anapenya pembeni na mzigo wake nyuma. Akikutana na kilima anashuka, anasukuma, akimaliza anapanda tena na safari inaendelea. Hakuna anayemcheka.

Kwa staili hiyo hiyo ya kupanda na kusukuma, Thomas Stevens aliingia kwenye historia kama mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Jamaa hakuwa na kasi ya kutisha. Alichokuwa nacho ni subira, na bahati ya kukutana na watu waliomfungulia milango.

Kwa shabiki aliyezoea kuhesabu mabao na pointi, huyu ni mtihani kidogo. Hakuwa na mpinzani, hakukuwa na refa wala kombe. Alianza Aprili 1884 na kumaliza Desemba 1886, akiwa amekata kilomita 21,700 hivi. Tunduma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Nenda na urudi mara kumi, bado hujamfikia.

Kijana wa vibarua

Stevens alizaliwa Desemba 24, 1854, katika mji wa Berkhamsted, Uingereza. Mwaka 1871, akiwa bado kijana mdogo, alihamia Marekani kutafuta maisha. Akafanya kazi hapa na pale, ikiwemo kiwanda cha reli kule Wyoming na mgodi wa Colorado. Akiwa mgodini ndipo lilipomjia wazo la kuivuka Marekani yote kwa baiskeli.

Kituko ni kwamba kuendesha kwenyewe alikuwa hajui. Akaenda San Francisco, akanunua baiskeli aina ya Columbia, akajifunza huko huko.

Na usidhani ni baiskeli kama Phoenix ya mtaani kwako. Gurudumu la mbele lilikuwa na kipenyo cha inchi 50, sawa na sentimeta 127, la nyuma dogo kama la mkokoteni wa mtoto. Pedeli zilifungwa kwenye gurudumu hilo kubwa la mbele. Hakukuwa na mnyororo wala gia, na matairi yalikuwa ya mpira mgumu usiojazwa upepo. Mwendeshaji anakaa huko juu, na jiwe dogo tu linatosha kumrusha akatangulia kichwa.

Mzigo wake? Soksi, shati la akiba, koti la mvua alilolitumia pia kama hema na tandiko, na bastola. Basi.

Theluthi nzima ni mguu

Aprili 22, 1884 aliondoka San Francisco kuelekea mashariki. Barabara za maana hazikuwepo, kwa hiyo sehemu nyingi alifuata reli. Kwenye milima ya Sierra Nevada, reli ilikuwa imejengewa mapaa marefu ya mbao kuzuia theluji. Stevens alipita humo ndani gizani, na treni ikitokea anajibana ukutani na baiskeli yake mpaka ipite.

Zaidi ya theluthi ya njia hiyo aliimaliza kwa miguu, akisukuma, akikokota au akiibeba baiskeli. Agosti 4 akaingia Boston. Ukiondoa siku za mapumziko, alikuwa ametumia siku 83 na nusu za safari kuivuka nchi nzima.

Wengi wangeishia hapo na kula sifa. Yeye akaongeza dau. Jarida la Outing likamchukua awe mwandishi wake wa njiani, na Mei 4, 1885 akaanza kupiga pedeli kutoka Liverpool, mamia ya watu wakimsindikiza kwa macho.

Akapita Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Austria. Hungary akapata mwenzake anayeitwa Igali, mwendesha baiskeli wa huko. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana, lakini walikwenda pamoja mpaka Serbia. Ishara za mikono zilitosha, kama mabeki wawili wa kati waliozoeana.

Kadi nyekundu Afghanistan

Uturuki ndipo alipokuwa kivutio kweli kweli. Kila kijiji alichoingia walimtaka apande awaonyeshe, hata kama amechoka na giza limeingia. Alilalamika sana kwenye maandishi yake, lakini ni watu hao hao waliompa mkate na mahali pa kulala.

Septemba 30, 1885 akafika Tehran, Uajemi, nchi inayoitwa Iran siku hizi. Akakaa hapo kipindi chote cha baridi, na hata Shah Nasr-ed-Din mwenyewe akaiona baiskeli ikifanya kazi.

Mwaka 1886 mambo yakachacha. Warusi walimnyima njia. Akajaribu kupita Afghanistan, akakamatwa na kurudishwa Uajemi. Ilikuwa kadi nyekundu ya moja kwa moja, hakuna rufaa. Ikabidi azunguke kwa meli na treni mpaka India, akapanda baiskeli tena Lahore na kuifuata barabara kuu mpaka Calcutta.

China nako nusura yamkute makubwa. Njiani alivamiwa na umati wenye hasira uliomrushia mawe, akaponea chupuchupu. Akamalizia sehemu iliyobaki kwa chombo cha majini mpaka Shanghai.

Raha ya pwani ya Japani

Kisha ikaja Japani, na hapo ndipo Stevens alipoonja raha ya safari. Alianzia Nagasaki, akavuka mlangobahari wa Shimonoseki, akafuata pwani ya bahari ya ndani iliyojaa visiwa vidogo, milima upande mmoja na maji upande wa pili. Njia zilipitika, nyumba za wageni zilikuwa safi, na watu walimpokea kwa adabu.

Hakuwa tena mtu wa kukimbia mawe. Alikwenda mdogo mdogo, akipita Kobe na Kyoto, akashika njia kongwe ya Tokaido mpaka mlima Fuji ukaonekana. Watalii wa baiskeli wanaotembea siku hizi kwenye fukwe na rasi za dunia, bila kugombania muda, wanafanya alichofanya Stevens wiki zile. Desemba 17, 1886 akaingia Yokohama. Kazi ikaisha. Kilichobaki ni meli ya kumrudisha San Francisco.

Atua kwetu wakati pwani inawaka

Miaka miwili baadaye, gazeti la New York World lilimpa kazi nyingine: aende Afrika Mashariki kumtafuta Henry Morton Stanley, aliyekuwa amepotelea bara akimfuata Emin Pasha. Mwaka 1889 Stevens akashuka Zanzibar.

Alifika wakati pwani ya Tanganyika inawaka moto. Abushiri bin Salim alikuwa anapambana na Wajerumani waliotaka kuichukua. Stevens akaingia bara na msafara wa wapagazi, akafika Taveta na Kilimanjaro, lakini habari za Stanley hakuzipata huko.

Mwishoni mwa Novemba akamkuta Stanley eneo la Msuwa, akiwa mmoja wa waandishi wawili wa magazeti ya New York waliofika hapo. Desemba 4 msafara ukaingia Bagamoyo. Usiku huo huo wa sherehe, Emin Pasha akaanguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya. Siku 11 baadaye, Desemba 15, Wajerumani wakamnyonga Abushiri kule Pangani.

Hapa ndipo sifa za Stevens zinapohitaji kupimwa vizuri. Alikuwa shujaa, hilo halina ubishi. Lakini alitembea na pasi ya nchi yenye nguvu na bastola kiunoni, na maandishi yake kuhusu watu wa Asia na Afrika yamejaa kejeli za Wazungu wa enzi zile. Aliwacheka watu ambao bila mkate wao asingeimaliza Uturuki. Bara la Afrika Mashariki alilipita kwa sababu wapagazi walibeba mizigo yake vichwani, bila gurudumu hata moja. Jina lake limebaki kwenye rekodi, ya kwao hayakuingia.

Kwenye soka tunajua: mfungaji ndiye anayebebwa juu juu, ila bao limepita kwenye miguu ya wengi kabla ya kumfikia yeye.

Aliyeishia ukumbi wa maigizo

Baada ya hapo Stevens aliivuka Urusi kwa farasi, akateremka mito ya Ulaya kwa mashua, mwishowe akarudi alikozaliwa. Akaoa mjane aliyekuwa mama wa waigizaji maarufu Violet na Irene Vanbrugh, na yeye mwenyewe akawa meneja wa ukumbi wa maigizo wa Garrick jijini London. Alifariki Januari 24, 1935, akiwa na miaka 80.

Baiskeli yake ilitunzwa na kampuni ya Pope, iliyoitengeneza, kwa miongo kadhaa. Vita Kuu ya Pili ilipofika na Marekani ikahitaji vyuma, ikatolewa kama chuma chakavu. Gurudumu lililopita Sierra Nevada, Tehran na pwani ya Japani likaishia kwenye tanuru pamoja na masufuria na mabomba ya watu.