Mary Anning: Dem aliyefukua mazimwi ya bahari, majamaa wakakula sifa

Ukifika Lyme Regis, mji mdogo wa pwani kusini mwa Uingereza, utapata makumbusho yaliyojengwa palepale keja ya kina Mary Anning ilikuwa. Leo watu hutoka mbali kusherehekea kazi yake. Lakini enzi zake? Zii, mambo yalikuwa tofauti kabisa.

Mary alizaliwa 21 Mei 1799. Akiwa mtoto mchanga, radi iliwaua wanawake watatu waliokuwa naye chini ya mti. Yeye akapona.

Buda yake, fundi seremala, aliaga 1810 akaacha madeni. Sasa fikiria wewe: una miaka 11 na mathe hana kitu. Utafanyaje? Mary na kakake Joseph walishuka ufuoni kusaka visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Waliwauzia wageni ili nyumbani pawe na chakula.

1811, Joseph akaona fuvu la ajabu. Mwaka uliofuata Mary akapata mwili wake, zaidi ya mita 5! Wengine walisema ni mamba. Kumbe ni iktiosauri, mnyama wa baharini aliyetoweka kitambo sana. Familia ililipwa pauni 23 hivi.

1823, akafukua plesiosauri wa kwanza aliyekamilika, shingo ndefu ka nyoka. Georges Cuvier, mwanasayansi mkubwa wa Ufaransa, alishuku ni feki. Baadaye alikubali kuwa alikosea. Lakini mnyama huyo alipotangazwa mbele ya wasomi wa Geological Society jijini London 1824, jina la Mary halikutajwa. Chama hicho hakikuwa na nafasi ya wanawake.

Na kazi yenyewe haikuwa mchezo. 1833, maporomoko ya udongo yalimuua mbwa wake, Tray, Mary akiwa hatua chache tu kando.

Aliaga 9 Machi 1847 kwa saratani ya matiti, akiwa na miaka 47. Chama kilianza kupokea wanawake kama wanachama 1919, miaka 72 baadaye. Sanamu yake ilizinduliwa Lyme Regis 21 Mei 2022, baada ya kampeni iliyoanzishwa na msichana wa shule.

Kwa hivyo siku ukiingia makumbusho yoyote, usipige picha za mifupa tu. Uliza pia ni nani aliichimba.