Manuel García, mwalimu wa kuimba aliyeona koo yake mwenyewe

Docta anayepasua koo kupitia kinywa anatafuta kwanza alama zake: kile kifuniko kinachozuia chakula kisiingie mu njia ya hewa, mikunjo miwili ya juu, kisha nyuzi mbili za sauti chini yake. Nyuma kuna vipande viwili vidogo vya gegedu vinavyozifungua na kuzifunga. Mbele, pale nyuzi zinapokutana, njo pa kuogopa: akiumiza pande zote mbili, zinaweza kupona zikiwa zimeshikana, na mugonjwa anabaki na sauti mbaya ao anahema kwa shida.

Mutu aliyefungua ile njia ya kutazama hakukuwa docta. Manuel García alizaliwa Hispania mwaka wa 1805, mu jamaa ya waimbaji. Baba yake aliwapeleka New York mwaka wa 1825 kuimba opera. Lakini sauti ya kijana iliharibika mapema, akaacha jukwaa. Alipita mu hospitali za waaskari wa Ufaransa, akajifunza namna koo imejengwa. Kisha akafundisha. Jenny Lind wa Uswidi alimufikia Paris mwaka wa 1841 akiwa na sauti imechoka kabisa. García alimupumzisha kwanza, halafu akamurudisha pole pole.

Lakini mwalimu hakuwa ameona kitu alichokuwa anafundisha. Koo alizozijua zilikuwa za wafu.

Mwaka wa 1854, Paris, aliona jua likipiga ku vioo vya madirisha, wazo likamujia. Akanunua kioo kidogo cha docta wa meno chenye mkono murefu, akakipasha mu maji ya moto ili pumzi isikifunike, akakipangusa, akakiweka nyuma ya kinywa. Kwa kioo kingine alirudisha mwangaza wa jua ndani. Nyuzi zake mwenyewe zilikuwa pale, zinafunguka na kufungana!

Wengine walikuwa wamejaribu vioo mbele yake, lakini kazi yao haikuenea. Yake ilisomwa London mwaka wa 1855, na mwanzoni waganga wengi hawakuijali. Türck wa Vienna na Czermak njo walioipeleka kwa wagonjwa. Czermak akaweka taa pahali pa jua, maana jua halingoji mugonjwa.

García hakutafuta kuponya mutu, alitaka kuelewa kuimba tu. Tarehe 17 Machi 1905, alipotimiza miaka 100, waganga wa koo kutoka inchi mbalimbali walikusanyika London kumusherehekea. Alikufa mwaka uliofuata.