John Cooper: Msee Aliyepigania Diski Kubwa Kwa Rimu Ndogo

Omera, kama umewahi kushuka Riat ukitoka Kiboswa ndani ya ndai ya zamani, unajua vile tumbo hukaza pedali ya breki ikianza kulainika. Mamboleo iko hapo chini inakungoja, mat iko nyuma inakupigia honi, na wewe ni kuomba tu. Wacha nikupatie stori ya buda mmoja Muingereza aliyekaliwa na ngori hiyo hiyo, na nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa finyu kuliko yako.

John Cooper alizaliwa 17 Julai 1923 huko Surbiton, Uingereza. Mzae wake, Charles, alikuwa na gereji, so kijana alikulia kwa grisi. Shule aliacha akiwa na miaka 15, akaenda kusomea ufundi wa kuunda vifaa. Kama una kaka pale jua kali ya Kibuye, hapo hakuna kitu kigeni.

Vita vilipoisha, 1946, yeye na rafiki yake Eric Brandon walitaka gari la mbio na doo hawakuwa nayo. Walichofanya ni kukata Fiat Topolino mbili, wakaunganisha zile sehemu za mbele mgongo kwa mgongo, halafu wakabandika injini ya pikipiki ya JAP ya cc 500 nyuma ya dereva. Nyuma kwa sababu pikipiki hutumia cheni, na cheni inataka kukaa karibu na magurudumu yanayosukuma. Haikuwa falsafa, ilikuwa njia rahisi.

Lakini hiyo njia rahisi ilibadilisha mbio dunia nzima. Stirling Moss alinunua Cooper 1948 akiwa bado kijana, na 1958 akashinda nayo Grand Prix ya Argentina. Jack Brabham akabeba ubingwa wa dunia 1959 na tena 1960. Wakati huo wakubwa wengine walikuwa bado wanaweka injini mbele. Leo hakuna gari la Formula 1 lenye injini mbele, na mwanzo wake ni Topolino mbili zilizokatwa na wasee wa mtaa.

Sasa tuingie kwa breki, hii ndio sehemu tamu.

Mini ilitoka Agosti 1959, kazi ya Alec Issigonis. Ilikuwa na injini ya cc 848, nguvu za farasi 34, na magurudumu ya inchi 10. Angalia tuktuk inayokupeleka Kondele: rimu yake ni inchi 8. Sasa fikiria gari la watu wanne limekalia kitu kinachokaribia hapo. Issigonis alitaka gari la mwananchi wa kawaida, basi. Cooper alilijaribu, akaona linakata kona kuliko magari ya bei mbaya, akaanza kumsumbua rafiki yake watengeneze la kasi. Issigonis hakuichangamkia. Cooper akapanda juu kwa bosi, George Harriman, akapewa ruhusa. Mkataba wake ulikuwa pauni 2 kwa kila gari. Ndiyo, mbili!

Mini Cooper ikatoka 1961, cc 997, farasi 55. Ukiongeza nguvu hivyo lazima usimamishe hizo nguvu. Breki za dramu hufunga joto ndani kama sufuria yenye kifuniko; ukikanyaga mara nyingi kwa mteremko, zinachoka. Diski iko wazi, upepo unaipitia. Wazo lenyewe lilikuwa la kitambo: Frederick Lanchester alilisajili Uingereza 1902, miezi tu baada ya reli kufika Port Florence, yaani Kisumu yetu, Desemba 1901.

Shida ni nafasi. Rimu ya inchi 10 ni sentimita 25.4 pale tairi linapokaa, na kwa ndani ni ndogo zaidi. Humo uingize diski, na juu yake kalipa inayoikumbatia, bila chuma kugusa chuma. Kilichoingia ni diski za inchi 7 kutoka Lockheed. Zilikuwa ndogo, na wasee walizilalamikia mapema.

Hapo ndio kila robo inchi inahesabika. Pedi ikibana mbali na kitovu cha gurudumu, mguu ule ule unazuia zaidi, kama vile spana ndefu inavyofungua nati iliyokwama. Mini Cooper S ya 1963 ikaja na diski za inchi 7.5, nene kuliko za kwanza ili zimeze joto zaidi, busta ya kusaidia mguu, na rimu zenye matundu ya kupitisha hewa. Nusu inchi tu, lakini Paddy Hopkirk alishinda Monte Carlo nayo 1964, Timo Mäkinen 1965, na Rauno Aaltonen 1967. Ya 1966 walifika wa kwanza wakaondolewa kwa sababu ya taa. Mimi naiita wivu.

Kwa hivyo kama kuna Datsun 1200 ya babu imelala uani na rimu zake za inchi 12, usikimbilie diski kubwa ya gari lingine. Kata karatasi ngumu kwa umbo la kalipa, izungushe ndani ya rimu kwanza. Na ukibadilisha mbele pekee, mwambie fundi aangalie uwiano na nyuma, la sivyo magurudumu yanaweza kujifunga kwa mvua. Mini yenyewe ilipata diski za inchi 8.4 ilipovaa rimu za inchi 12. Kwa rimu za 10 za kiwandani hazingeingia.

Cooper mwenyewe alilipa bei. 1963 alipata ajali mbaya barabarani, akiendesha Mini yenye injini mbili, moja mbele, moja nyuma. Mwaka uliofuata mzae wake akafa, na 1965 akauza timu ya mbio. 1971 wakubwa wapya wa kampuni wakaamua zile pauni mbili ni nyingi sana, jina Cooper likatolewa kwa gari. Akabaki na gereji yake huko Sussex, akiuza vifaa vya kuongeza nguvu Mini, na Wajapani walivipenda sana.

1990 kampuni ikarudi kwake, Mini Cooper ikauzwa tena. Mini ya mwisho ya aina ile ya zamani ilitoka kiwandani Longbridge 4 Oktoba 2000, Cooper nyekundu. John Cooper alikufa mkesha wa Krismasi mwaka huo huo, akiwa na miaka 77.