Maisha ya Bwana Mohr, Mwenye Chumvi ya Kijani

Ninyi mliokwisha kutoka shuleni, na sisi tuliomo bado, sote tunaijua chupa ile ya chumvi ya kijani hafifu iliyo rafuni katika maabara. Huitwa chumvi ya Mohr, na wengi hudhani Mohr ni jina la mji au la kampuni. Mimi pia nilidhani hivyo nilipotoka Nakivale kuja kusoma Mbarara, mpaka siku tulipoambiwa tuitengeneze wenyewe. Basi nikatafuta habari za mtu huyo, na hizi ndizo nilizozipata.

Karl Friedrich Mohr alizaliwa tarehe 4 Novemba 1806 katika mji wa Koblenz, pale mto Mosel unapoingia katika mto Rhine. Wakati huo mji ulikuwa chini ya Wafaransa. Mwaka 1815 ukawa wa dola ya Prussia, na kwa hiyo mtoto huyu alibadilishiwa serikali bila kuhama nyumba. Watu wa mipakani kwetu wanalielewa jambo hilo upesi. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa. Mtoto alikuwa dhaifu wa mwili, hata masomo yake mengi ya kwanza aliyapata nyumbani, akashinda katika chumba cha baba yake cha kuchanganyia dawa, kati ya mizani na chupa. Alipofika miaka 21 alianza kusoma kemia kwa Leopold Gmelin huko Heidelberg, kisha akaenda Berlin na Bonn, akarudi nyumbani na shahada ya udaktari. Baba alipofariki mwaka 1840, duka likawa lake.

Kabla ya hapo, mwaka 1837, alikuwa ameandika makala juu ya asili ya joto. Alieleza kwamba nguvu ya ulimwengu ni moja tu, nayo huvaa sura mbalimbali, mara mwendo, mara umeme, mara nuru, mara sumaku, na kila sura yaweza kugeuka kuwa nyingine. Leo twafundishwa hayo mapema kabisa. Lakini makala yale yalichapwa katika gazeti la elimu huko Vienna, wachache wakayajali. Miaka 5 baadaye Robert Mayer akaandika mambo kama hayo, na sifa ikawaendea yeye na James Joule wa Uingereza. Mohr akarudi kwenye mizani yake.

Kwa vyombo alikuwa fundi kweli kweli. Bureti za zamani zilimiminwa kwa kuinamishwa kama birika, na tone moja la ziada huharibu kazi yote. Mohr aliisimamisha bureti wima, akatia mpira mwishoni na kibanio juu ya mpira, hata mtu akaweza kutoa tone moja moja kwa vidole viwili. Mwaka 1855 alitoa kitabu kikubwa juu ya upimaji huo wa kudondosha, na Justus von Liebig, aliyekuwa mkubwa miongoni mwa wanakemia wa Ujerumani, akakisifu.

Sasa, upimaji wataka kitu cha kuaminika, na salfeti ya chuma haiaminiki: ikikaa hewani, kijani chake hugeuka rangi ya kutu. Mohr akatumia chumvi maradufu, yaani salfeti ya chuma na salfeti ya amonia zilizoganda pamoja katika fuwele moja, nayo huivumilia hewa zaidi sana. Tena chuma ndani yake ni karibu sehemu moja katika saba za uzito, hesabu nyepesi. Chumvi maradufu si ngeni kwetu. Magadi ya kulainishia maharagwe ni kaboneti na baikaboneti ya sodiamu zilizoshikana vivyo hivyo, nayo hupatikana ziwa Magadi huko Kenya na hata ziwa Katwe hapa Uganda.

Siku yetu tulipima gramu 13.9 za salfeti ya chuma na gramu 6.6 za salfeti ya amonia, tukaziyeyusha katika maji ya moto machache yenye asidi ya salfuriki kidogo, tukachuja yangali moto. Kundi letu lilikuwa na haraka: tuliitia bika katika maji baridi na kuitikisa, tukapata unga kama chumvi ya mezani. Jirani zetu waliiacha yao kimya dirishani mpaka asubuhi, wakakuta fuwele ngumu zenye pande laini. Hesabu yasema zisizidi gramu 19.6. Wao walipata 15, sisi tulipata aibu, ingawa mwalimu alisema unga wetu nao ni chumvi ile ile.

Jambo la kuchekesha ni kwamba chumvi hii hupimwa kwa pamanganeti ya potasiamu, na pamanganeti hula mpira. Kwa kazi hiyo bureti ya Mohr haifai. Ndiyo maana zetu zina koki ya kioo.

Mwaka 1857 Mohr aliacha biashara ili ashughulike na elimu tu. Alikuwa na mali na jina. Kisha akapata hasara kubwa ya fedha, na akiwa na miaka 57 akaenda Bonn, si mbali, kama safari ya Nakivale mpaka Mbarara, akaanza kufundisha katika chuo kikuu kwa cheo cha chini kabisa, cheo cha vijana kisicho na mshahara, ambacho mwalimu hula ada wanazotoa wasikilizaji wake. Nakivale nimewaona wazee waliokuwa na maduka na ng'ombe kwao wakianza tena kwa jembe moja katika kiwanja walichopimiwa. Kwa hiyo sehemu hii niliisoma mara mbili. Mwaka 1867 ndipo alipopewa uprofesa wa famasia, tena wa daraja la pili, na hata huo kwa mkono wa mfalme mwenyewe.

Alifariki Bonn tarehe 28 Septemba 1879, akiwa na miaka 72. Fuwele za jirani zetu zingali chupani, na tarehe imebandikwa. Salfeti ya chuma ya siku ile ile, iliyo kando yake, imekwisha kupata kutu juu.