Sayyid Abdulrahman al-Mahdi: Kutoka upanga wa baba hadi sanduku la kura

Sudan inapotajwa kwenye taarifa zetu za habari, jina la ukoo wa Mahdi halikosi kujitokeza. Leo tunamwangalia mtu mmoja wa ukoo huo, Sayyid Abdulrahman, aliyezaliwa yatima mwaka 1885.

Baba yake, Muhammad Ahmad, alijitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881 katika kisiwa cha Aba, kwenye mto Nile Nyeupe. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Misri, na kodi ziliwaelemea wakulima na wafugaji. Januari 1885 wafuasi wake, walioitwa Ansar, waliiteka Khartoum na kumuua Jenerali Gordon wa Uingereza. Miezi mitano baadaye Mahdi akafariki dunia. Abdulrahman alizaliwa wiki chache baada ya msiba.

Alikulia Omdurman chini ya Khalifa Abdullahi, mrithi wa baba yake. Utawala ulikuwa wa mkono wa chuma. Hata Mwislamu mwenzao aliyekataa kumwamini Mahdi alihesabiwa kafiri. Mwaka 1889 ikaja njaa kubwa. Kisha, Septemba 2, 1898, jeshi la Waingereza na Wamisri likiongozwa na Kitchener lilifika Karari, karibu na Omdurman. Asubuhi moja tu, kiasi cha watu 10,000 wa Khalifa waliuawa kwa mizinga na bunduki za rashasha. Upande wa pili waliokufa hawakufika 50. Kaburi la Mahdi lilibomolewa, mifupa yake ikatupwa mtoni.

Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Shukaba, askari wa utawala mpya waliwaua kaka zake wawili. Yeye mwenyewe, kijana wa miaka 14 hivi, alipigwa risasi akanusurika.

Mtu aliyepitia hayo tungetegemea aingie msituni. Wengine walifanya hivyo: mwaka 1908 Wad Habuba aliasi katika eneo la Gezira, akanyongwa. Abdulrahman alikwenda kulima Aba. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza na Waturuki wakatangaza jihadi, Waingereza walimwomba azunguke kuwatuliza Ansar, naye akakubali. Mwaka 1919 alifika London na kumkabidhi Mfalme George wa Tano upanga wa Mahdi. Mfalme akamrudishia.

Kwa wengi ule ulikuwa usaliti, na hatuwezi kuwalaumu wenye kidonda. Lakini tazama alichokipata. Serikali iliyokuwa ikiwapeleleza Ansar sasa iliwaacha wakusanyike na kusali kwa uradi wao. Naye aliwaambia kwamba jihadi iliyobaki ni ya nafsi, subira na kazi. Hawakugeuka kwa siku moja. Mwaka 1921 mhubiri mmoja kule Darfur alijiita Nabii Isa, akaushambulia mji wa Nyala, na mamia wakafa. Mwaka 1923 maelfu walimiminika Aba wakitarajia makubwa, hadi serikali ikaingiwa na hofu. Sayyid aliwatawanya warudi kwao.

Mashamba ya pamba ya Aba yalimtajirisha. Tusifiche jambo hapa: wengi waliyalima kwa ujira mdogo au kwa chakula na baraka tu, na jasho lao ndilo lililojenga siasa yake. Mwaka 1945 alisimama kuwa mlezi wa chama kipya cha Umma, kilichodai Sudan iwe ya Wasudani, isiwe ya Misri wala ya Uingereza. Watoto wa wale waliobeba mikuki Karari wakaanza kupiga kura.

Ukali wa zamani haukuisha kabisa. Machi 1, 1954, Ansar waliingia Khartoum kumpinga Rais Naguib wa Misri aliyekuwa ziarani. Wakapambana na polisi, na watu wakafa pande zote mbili. Chama cha Umma kilikuwa tayari kimeshindwa uchaguzi wa 1953, na mahasimu wake walinong'ona kwamba Sayyid anataka ufalme. Ufalme haukuja. Uhuru ulikuja, Januari 1, 1956.

Alifariki Machi 24, 1959, miezi minne baada ya jeshi kutwaa madaraka. Mwaka 1970 ndege za serikali ya Jaafar Nimeiri zilikishambulia kisiwa cha Aba. Mjukuu wake, Sadiq, alikuwa waziri mkuu mara mbili. Mara ya pili, mwaka 1989, alipinduliwa na wanajeshi walioungwa mkono na Waislamu wa siasa kali.